Getini Saa 11 Alfajiri: Maswali Yenu Kuhusu Usafiri wa Wafanyakazi wa Viwanja vya Ndege

Mwezi huu maswali yametoka kwa watu wa viwanja vya ndege: wapangaji wa rosta, wakaguzi, wabeba mizigo, wahasibu na walinzi wa geti. Karibu wote wanauliza jambo moja: wafanyakazi wafikeje kazini bila kila mtu kuja na gari au pikipiki yake ya petroli? Tumefupisha barua zao, na majina tumeyaacha.

Tuna wafanyakazi 240 katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Menejimenti inataka magari na pikipiki za wafanyakazi zipungue. Tumebandika mabango, tumetuma ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp, na hakuna kilichobadilika. Tuanzie wapi?
*Ofisa utumishi, kampuni ya huduma za ndege, Dar es Salaam*

Anzeni na rosta. Uwanja wa ndege haulali, lakini usafiri wa jiji umepangwa kwa mtu anayeingia kazini saa 2 asubuhi na kutoka saa 10 jioni. Anayetakiwa getini saa 11 alfajiri au anayeachiwa saa 6 usiku hakosi nia njema. Amekosa chombo cha kupanda.

Na kabla ya kuwahesabu wenye magari, watazameni wasio nayo. Mbeba mizigo wa Gongo la Mboto na msafishaji wa Buguruni wanapanda daladala siku zote. Hao ndio wa kuwalinda kwanza, maana mtu akipangiwa zamu za alfajiri miezi mitatu mfululizo ataanza kuulizia bei ya pikipiki, na akishainunua ataijia nayo hata kwenye zamu za mchana. Mipango mingi huwasahau watu hawa kwa sababu hawachukui nafasi ya maegesho.

Fanyeni hesabu ya wiki moja ya kawaida, isiwe wiki ya Ramadhani wala wiki ambayo shule zimefungwa. Fomu iwe na maswali matano tu. Anakaa mtaa gani? (Akiandika "Ilala" hamjapata kitu, akiandika "Majumba Sita" mmepata.) Kila siku aliingia na kutoka saa ngapi? Alikuja na nini, kipande kwa kipande, kwa mfano bodaboda hadi kituoni kisha daladala? Alitumia dakika ngapi na shilingi ngapi? Ni kitu gani kimoja kingemfanya abadili usafiri? Fomu isiwe na jina, kwa kuwa kwenye fomu yenye jina mtu huandika kile anachodhani bosi anakitaka. Tena msiitume kwa barua pepe, kwani wengi wa zamu ya usiku hawaifungui. Igaweni kwenye karatasi wakati wa kupokezana zamu, mkusanye papo hapo.

Kisha choreni jedwali: mitaa ishuke upande wa kushoto, nusu saa za siku zipite juu, na kila mtu awe alama moja. Mtaona mafungu yenyewe. Kuna watu wa Pugu, Gongo la Mboto, Ukonga na Banana, wanaofuata Barabara ya Nyerere kuja mjini. Kuna wa TAZARA, Temeke na Buguruni wanaotoka upande wa pili. Kuna wa Segerea na Kinyerezi wanaoingilia Banana. Penye alama 15 au zaidi katika nusu saa moja, fikirieni basi. Penye alama chache, jaribuni kwanza kusogeza saa ya kuanza kazi.

Hapa kwenye kusogeza saa ndipo penye faida kubwa, wala hapagharimu kitu. Wa kaunta za abiria na wa kupakia ndege ya kwanza hawawezi kusogea, saa yao inatoka kwenye ratiba ya ndege. Lakini wa stoo, ofisi, karakana ya vifaa na usafi wa maofisi wanaingia saa 11 kwa mazoea tu. Wakiingia saa 12:30 asubuhi, daladala zimejaa barabarani. Mpangaji wa rosta awepo kwenye kikao tangu siku ya kwanza. Asipokuwepo, mtakubaliana vizuri na rosta ya mwezi unaofuata itatoka vilevile.

Jambo la mwisho kwenu ni mabasi ya mwendokasi. Njia ya awamu ya tatu, kati ya katikati ya jiji na Gongo la Mboto, inapita mbele ya uwanja, lakini kutoka kituo cha barabarani hadi milango ya Jengo la Tatu bado kuna kipande cha kwenda. Kipande hicho ndicho kinachomrudisha mtu kwenye bodaboda. Ombeni mamlaka ya uwanja njia ya miguu yenye taa na kivuli, na kigari cha kuzunguka majengo kila baada ya dakika 15 saa za kubadilishana zamu. Kigari kinachopita mara moja kwa saa hakitasubiriwa na mtu.

Shikamooni. Mimi ni mkaguzi wa abiria, nakaa Ukonga. Zamu inaanza saa 11 alfajiri na natoka nyumbani gizani kwa bodaboda nisiyoijua. Wenzangu wawili wameshaporwa simu. Mwajiri anasema basi la wafanyakazi ni gharama.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Marahaba, dada yetu. Una haki ya kulalamika, na basi si anasa kwa zamu kama yako. Mpelekee mwajiri mpango ulioandikwa, si malalamiko matupu, kwa sababu gharama ya basi inategemea sana lilivyopangwa.

Hesabu ianzie mwisho kurudi mwanzo. Zamu ni saa 11:00. Kupita ukaguzi wa wafanyakazi na kubadili nguo ni dakika 20, kwa hiyo basi lifike saa 10:40. Kutoka Pugu alfajiri, barabara ikiwa wazi, wekeni dakika 25 za mwendo, dakika 5 za vituo vitano, na dakika 10 za akiba. Basi linaondoka Pugu saa 10:00 kamili. Vituo viwe penye taa na penye watu, kama kituo cha mafuta au geti lenye mlinzi, na asiwepo mfanyakazi anayetembea zaidi ya mita 400 kukifikia. Vituo visizidi sita. Kila mmoja akitaka basi lipite mlangoni kwake, safari inafika saa nzima, watu wanachoka nalo, na baada ya wiki tatu basi linabeba viti vitupu.

Basi linaloleta zamu mpya lirudi na zamu inayotoka. Makabidhiano yakichukua dakika 15, zamu ya usiku inaachiwa saa 11:15, basi linaondoka saa 11:35. Dereva amesubiri chini ya saa moja, na safari zote mbili zimebeba watu. Kampuni zinazoona basi ni ghali mara nyingi huliendesha tupu nusu ya safari, au kila moja ina Hiace yake yenye watu sita. Uwanjani kuna mamlaka, mashirika ya ndege, kampuni za mizigo, mafuta, uhamiaji, forodha, migahawa na maduka. Mkichanga waajiri watatu au wanne kwa idadi ya viti, Coaster moja inatosha mahali pa Hiace nne.

Mwombeni pia *safari ya dharura yenye uhakika*. Ndege ikichelewa, mkaguzi anazuiwa saa mbili zaidi na basi limeshaondoka. Mtoto akiugua saa 8 usiku, mama hana pa kupita. Msimamizi wa zamu awe na vocha zilizosainiwa za teksi moja inayojulikana, kila mfanyakazi apewe mwisho nne kwa mwaka. Waajiri huogopa kwamba zitatumiwa vibaya. Zikiwekewa kikomo na saini, hutumika kidogo, lakini kuwepo kwake ndiko kunakomwezesha mtu kuacha pikipiki nyumbani.

Nabeba mizigo, nakaa Vingunguti. Kwa baiskeli ni kama kilomita 4. Tatizo ni wizi, jasho na geti: pampu na spana zangu walizuia kwenye ukaguzi.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Spana na pampu zilizuiwa kihalali. Baiskeli na vifaa vyake vibaki upande wa nje wa ukaguzi. Hata ukiruhusiwa kuingia nayo ndani usiingie: nati au waya wa spoku ukidondoka kwenye maegesho ya ndege unaweza kunyonywa na injini au kupasua tairi. Unachohitaji ni kabati lenye kufuli *kabla* ya mashine ya ukaguzi, la kuwekea pampu, spana, taa na helmeti. Viwanja vinavyojenga maegesho ya baiskeli bila kabati hizo hushangaa kwa nini hayatumiki.

Maegesho yenyewe yajengwe kwa bomba la chuma la milimita 50 lililokunjwa kama U iliyopinduliwa, kimo cha sentimita 75 juu ya ardhi, miguu ikizama sentimita 30 kwenye zege. Kati ya bomba na bomba iachwe mita 1. Kila bomba linashika baiskeli mbili, fremu na gurudumu vikifungwa pamoja. Ukiona ile aina ya kuchomeka gurudumu la mbele tu, ikatae: rimu inapinda, na mwizi hufungua nati ya gurudumu akaondoka na baiskeli iliyobaki. Yawe chini ya paa, mbele ya macho ya mlinzi wa geti la wafanyakazi, yasizidi mita 50 kutoka mlangoni. Yakifichwa nyuma ya jengo, hata kamera haisaidii.

Kilomita 4 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni dakika 16. Jasho hutoka zaidi ukishasimama, kwa hiyo dakika tano za mwisho punguza kasi. Sare iache kazini, uje na fulana. Mwajiri aweke bafu moja kwa kila waendesha baiskeli kumi hivi. Bafu likikosekana, chumba chenye maji, ndoo na ndoano za nguo kinafaa.

Pita mitaa ya ndani pale inapowezekana, na gizani weka taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kizibao cha riflekta. Masika ya Machi hadi Mei yanataka madigadi mawili kamili, na mnyororo upanguswe na kutiwa mafuta kila baada ya mvua, maana hewa yetu ya chumvi huula haraka. Upepo wa tairi umeandikwa ubavuni mwa tairi. Pima kila wiki. Tairi laini ndiyo inayochanika kwenye mashimo.

Tunalipia nafasi za maegesho za wafanyakazi. Nimependekeza tuwatoze, nikaitwa adui. Kuna njia ya haki?
*Mhasibu, Dar es Salaam*

Ipo. Kosa la kwanza ni kibali cha mwezi. Aliyelipia mwezi mzima huona kila siku anayoacha gari nyumbani kama hela inayopotea, kwa hiyo atalileta hata siku ambayo hakulihitaji. Tozeni kwa siku.

Kosa la pili ni kutoza bila kutoa. Chukueni mfano: nafasi moja inawagharimu Sh 60,000 kwa mwezi, siku za kazi ni 24, hivyo ni Sh 2,500 kwa siku. Mpeni *kila* mfanyakazi posho ya usafiri ya Sh 2,500 kwa siku aliyofika kazini, na anayeegesha akatwe Sh 2,500 hiyohiyo. Mwenye gari hajapoteza kitu kuliko jana, wa daladala amepata nauli, na gari sasa lina bei inayoonekana kila asubuhi. Mkiwapa posho wenye magari peke yao ili wayaache, mtakuwa mmemlipa aliyechafua hewa na kumnyima aliyekuwa akibanwa kwenye daladala miaka yote. Msifanye hivyo.

Posho ya kila mtu itazidi mlichokuwa mkilipia maegesho, kwa hiyo anzeni na kiwango mnachokimudu, hata Sh 1,000, ila pande zote mbili zilingane. Na nafasi zinazobaki wazi zirudisheni kwa mwenye maegesho mkataba unapohuishwa, maana msipozirudisha hamtaokoa chochote.

Jimbo la California liliweka sheria ya namna hii mwaka 1992, ikiwataka waajiri fulani wanaokodi maegesho wampe mfanyakazi fedha badala ya nafasi akitaka. Donald Shoup, mtafiti wa maegesho wa chuo kikuu cha UCLA, alipochunguza sehemu nane za kazi zilizoifuata, katika utafiti uliochapishwa 1997, waliokuwa wakija peke yao kwenye gari walishuka kutoka 76 hadi 63 kwa kila 100.

Uwanja wetu uko mbali na miji. Wafanyakazi wanatoka Moshi, Arusha na Boma Ng'ombe. Tunataka kuhesabu hewa ya ukaa ya safari zao. Je, basi lina nafuu siku zote?
*Ofisa mazingira, Kilimanjaro*

Hapana, na ni vizuri mmeuliza kabla ya kusaini mkataba wa basi. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, ya dizeli kilo 2.7. Chukua mfanyakazi wa Moshi, kilomita 40 kwenda na 40 kurudi. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 linatumia lita 6.4 kwa siku, yaani kilo 14.7. Wakiwa wanne ndani yake, kila mmoja ana kilo 3.7.

Sasa Coaster ya lita 16 kwa kilomita 100. Ikileta watu, ikarudi tupu mjini, jioni ikaja tupu kuwachukua, imetembea kilomita 160, lita 25.6, kilo 69. Kwa watu 25 ni kilo 2.8 kila mmoja. Kwa watu wanane ni kilo 8.6, yaani zaidi ya mara mbili ya gari la watu wanne. Ikipangwa ipokezane zamu bila kwenda tupu, kwa watu 25 inashuka hadi kilo 1.4. Viti vilivyojaa na safari zisizo tupu ndivyo vinavyoamua.

Mkiwa kwenye Airport Carbon Accreditation, mpango wa kuthibitisha jinsi viwanja vinavyopima na kupunguza hewa ya ukaa, ulioanzishwa na ACI Europe (umoja wa viwanja vya ndege vya Ulaya) mwaka 2009, safari za wafanyakazi huingia kwenye hesabu kuanzia ngazi ya tatu, pamoja na zile za wafanyakazi wa kampuni nyingine uwanjani. Hivyo kusanyeni fomu kutoka kwa waajiri wote, si mamlaka peke yake. Boma Ng'ombe waangalieni kipekee. Mabasi madogo ya Moshi–Arusha yanapita hapo mchana kutwa, tatizo ni kutoka njiapanda hadi uwanjani. Gari moja dogo la kuwachukua njiapanda lina maana kuliko basi la kuzunguka mji mzima.

Wafanyakazi 14 wa sehemu yetu ya mizigo kwenye uwanja wa ndege wa JKIA wamenunua pikipiki za stima. Wanachomeka kwa extension moja na fyuzi zinakatika. Meneja anataka kuwapiga marufuku.
*Msimamizi wa majengo, Nairobi*

Msiwapige marufuku, tengenezeni umeme wao. Betri ya kawaida ya volti 72 na Ah 40 inabeba takriban uniti 2.9. Chaja ya ampia 10 inavuta kama ampia 4 ukutani kwa volti 240. Pikipiki 14 kwa pamoja ni ampia 56, na saketi ya ampia 32 haiwezi. Kwa mzigo unaodumu saa nyingi, msipite asilimia 80, yaani ampia 25. Hiyo ni pikipiki sita kwa saketi moja.

Mna njia mbili. Moja ni saketi tatu, zikigawanywa kwenye fezi tofauti. Nyingine, iliyo rahisi zaidi, ni saketi mbili na saa ya kuwashia na kuzima: kila saketi iwe na soketi saba, nne zikiwaka saa nne za kwanza, tatu zikiwaka saa nne zinazofuata. Chaji kamili huchukua kama saa nne, na zamu ni saa nane au zaidi, kwa hiyo wote wanaondoka wamejaa. Kila pikipiki iwe na soketi yake isiyopenya maji, na saketi iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Extension iliyochomekwa kwenye extension hupata joto kwenye plagi kabla fyuzi haijakata. Hapo ndipo moto unapoanzia.

Mahali pawe nje, penye paa na hewa, mbali na mlango wa kutokea, ngazi na mizigo iliyopangwa. Betri iliyovimba, iliyoanguka au iliyoingia maji isichajiwe hapo kabisa. Chajeni kwa chaja iliyokuja na pikipiki. Wekeni mita ndogo ya kwenu: uniti tatu kwa pikipiki kwa siku zinaonekana wazi, na mjadala wa nani analipa unaisha.

Nafanya usafi Heathrow. Mwajiri ana mpango wa Cycle to Work lakini amenikatalia, wenzangu wa ofisini wamepata. Ni ubaguzi?
*Msomaji, London*

Huenda ni hesabu ya mshahara. Katika mpango huo, ulioanza 1999, mwajiri hununua baiskeli na kukukodishia, na kodi hiyo hukatwa kwenye mshahara kabla ya kodi ya serikali. Baiskeli ya pauni 600 kwa miezi 12 ni makato ya pauni 50, lakini kwa anayelipa kodi ya asilimia 20 na bima ya taifa asilimia 8, mfukoni zinapungua 36. Sharti ni kwamba makato yasishushe mshahara chini ya kima cha chini cha kisheria, na mtu wa usafi mara nyingi yupo hapohapo kwenye kima hicho.

Muombe mwajiri mojawapo ya mambo mawili: makato madogo kwa miezi mingi zaidi, kama mshahara wako una nafasi kidogo juu ya kima, au mkopo wa kawaida usio na riba wa kununua baiskeli. Pia uliza kabla ya kusaini utalipa kiasi gani mwishoni ili baiskeli iwe yako.

Tunapeana lifti wanne kutoka Kinyerezi, tunachangia mafuta. Rafiki anasema bima haitatulipa.
*Fundi, Dar es Salaam*

Bima ya gari binafsi kwa kawaida haifuniki kubeba abiria kwa malipo, na kubeba abiria kwa nauli bila leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ni kosa. Kuchangia mafuta ni jambo jingine, mradi mwenye gari asibaki na faida. Ili kusiwe na ubishi siku ya ajali, mpokezane magari wiki kwa wiki bila kutoa hela kabisa, au mwenye gari aiandikie kampuni yake ya bima, aeleze mchango ni kiasi gani, na apate jibu kwa maandishi. Mwombeni pia mpangaji wa rosta awaweke wanne zamu moja. Lifti nyingi huvunjika rosta inapobadilika, na hapo kila mmoja anarudi kwenye gari lake.